Visigino Juu ya Zulia

Mzee Kelele alikiri kabla hajaulizwa, na hilo ndilo lililomkera Inspekta.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuegemea, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, viganja juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mtaa mzima ulimwita Mzee Kelele, ingawa sauti yake ilikuwa ndogo hata Inspekta akalazimika kuvuta kigoda chake karibu. Inspekta alidhani ni utani tu wa watu, kama vile mtu mnene kuitwa Sindano.

"Ni mimi," mzee alisema. "Mke wangu alikuwa anateseka, nikampumzisha. Andika hivyo, mwanangu, tusichoshane."

Inspekta hakuandika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu bapa vilivyolika upande mmoja, na desturi ya kukunja mikono ya sweta kila alipoanza kazi. Akaikunja.

"Ulimpumzisha kwa kitu gani?"

"Vidonge vyake vya maumivu. Vile vikali."

"Alimeza mwenyewe?"

"Nilivisaga kwenye kinu. Nikavitia kwenye maziwa ya moto, nikaongeza asali asisikie uchungu."

"Vidonge vingapi?"

Mzee akayatazama magoti yake. "Vyote."

"Boksi lake liko wapi?"

"Nilitupa."

"Wapi?"

"Nimesahau."

Mlangoni alikuwa amesimama binti yake wa pekee, mwalimu wa shule, kitambaa cheusi kichwani na mkoba bado begani. Alikuwa amefika asubuhi ile kwa basi la kwanza, akakuta mwili wa mama yake umekwisha pelekwa hospitali na baba yake amekaa na polisi.

"Baba," alisema, "mazishi ni alasiri. Watu wameshaambiwa. Kama ni kweli, sema ukinitazama, nijue nakwenda kumzika mama na nani."

Mzee hakuinua macho. "Nenda na wajomba zako."

Sajini akaingia kutoka ndani akiwa amebeba kinu kidogo cha shaba juu ya leso, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba yai. Alikuwa na tumbo la kutangulia na moyo mwepesi, na kila alipopata kitu alipenda kionekane. Ndani ya kinu mlikuwa na unga mweupe umeganda pembeni.

"Kilikuwa chini ya kitanda, kwenye makorokoro, afande. Shauri limekwisha."

"Shauri likiisha mapema hivyo, huwa limeanzia katikati," Inspekta akasema. "Kiweke mezani."

Alitazama saa ya ukutani. Daktari aliyeukagua mwili alikwisha piga simu: mwili unaweza kuzikwa, sampuli amechukua. Moyo wa marehemu ulikuwa umechakaa kama gunia, na tumboni hakukuta ila kitu kama chai. Lakini kutoona si kutokuwepo, alionya, na majibu ya maabara yangechukua muda. Kwa hiyo kwa siku ile kulikuwa na neno la mzee tu. Likisimama, mzee angekwenda kituoni na mkewe angekwenda makaburini, kila mmoja kwa gari lake.

"Mzee usitoke hapo," Inspekta akasema.

"Niende wapi?" mzee akajibu.

* * *

Aliyepeleka habari polisi alikuwa fundi cherehani, jirani wa ukuta mmoja. Chumba chake cha kazi kilijaa vitambaa hadi dirishani, na alizungumza na pini tatu mdomoni bila hata moja kumchoma.

"Kwanza nikwambie, mama, mimi si mtu wa kusikiliza mambo ya watu."

"Naona," Inspekta akasema. Kiti cha fundi kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na pale kichwa kinapofika rangi ilikuwa imefifia.

"Ni vile tu cherehani nilikuwa nimeizima. Ilikuwa jioni, jua limeshazama, watu wanapika. Nikasikia mwanamke anasema, 'Mume wangu, nimechoka. Siku ya harusi uliapa mzigo wangu ni wako. Sasa nitue.' Mwili ukanisisimka. Mwanamume akasema, 'Usiniombe hicho.' Akaomba tena na tena, hadi yule bwana akalia. Mtu mzima analia, mama. Kisha nikasikia kinu. Kisha, 'Kunywa, nimekutilia asali.' Kikombe kikaanguka. Kimya."

"Ukafanya nini?"

"Nikazima na taa, nisikie vizuri."

Sajini akakohoa.

"Halafu ndipo alipokuja yule mwanamke mwingine," fundi akaendelea, na hapo akatoa pini mdomoni maana mambo yalikuwa yameiva. "Wa visigino. Nilimsikia anakuja juu ya changarawe, kisha akapanda mahali pa mbao, ko, ko, ko, akasimama. Akasema kwa sauti nzito, 'Mzee, huyo aliyelala hapo ana nini?' Nikajua, kumbe. Kuna mtu wa pembeni."

"Mzee huyu amepita miaka sabini."

"Hao ndio wabaya."

"Ulimwona huyo mwanamke akiingia?"

"Dirisha langu ndilo hili, linatazama mlango wao. Sikuona mtu akiingia wala akitoka. Ndiyo nikajua ni mzoefu."

"Akasema nini tena?"

Fundi akainamisha kichwa kwa huzuni ya kweli. "Hapo mboga zangu zikaanza kuungua."

Walipotoka nje, Sajini alijifuta jasho. "Yule anasema asali, na mzee anasema asali. Mashahidi wawili, afande, na hawajakutana."

"Ndiyo," Inspekta akasema. "Ukuta una masikio, lakini hauna macho. Twende tukatazame." Akasimama uani akakanyaga sakafu kwa kisigino chake bapa. Uani pote palikuwa saruji, kuanzia barazani hadi lango la nje. Akainama, akapapasa pembeni mwa maua. Udongo mtupu.

"Unatafuta nini?"

"Changarawe."

* * *

Jikoni palikuwa pasafi kwa usafi wa mwanamume aliyejifunza uzeeni: kila sufuria imefunikwa, hata zile tupu. Inspekta alifungua kabati, akafungua jokofu, akainua vifuniko kimoja kimoja. Chumvi ilikuwepo, chai ilikuwepo, tangawizi imefungwa kwenye karatasi. Birika lilikuwa na masazo ya chai nyeusi.

"Mwalimu," aliita, na binti akaja. "Maziwa mnaweka wapi?"

"Hatuweki. Mama harufu yake tu ilimtapisha. Nimekua bila maziwa mimi, nilikuwa nakunywa kwa shangazi."

"Na asali?"

"Baba ana kisukari. Mama alifukuza vitu vyote vitamu humu ndani. Hata mgeni akija na keki, anailia barazani."

Sajini, aliyekuwa ameanza kufurahia shauri lake lililokwisha, alionekana kama mtu aliyechomolewa kiti. "Labda alinunua."

"Na akaficha chupa ya maziwa pamoja na boksi la vidonge asikumbuke alikokificha kimoja wala kingine," Inspekta akasema. "Mtu anakumbuka asali aliyoitia, hakumbuki alikolitupa boksi jana. Twende chumbani."

Chumba cha kulala kilikuwa kipana, kitanda kimesogezwa dirishani ili mgonjwa apate kuona watu wakipita. Mto bado ulikuwa na shimo la kichwa. Juu ya meza ndogo kulikuwa na glasi ya maji, miwani, kitana chenye mvi. Sakafu yote ilifunikwa zulia la zamani, nene, lenye rangi ya majani makavu, na chini yake wameongeza blanketi.

"Sajini, tembea."

"Niende wapi?"

"Hapa hadi pale. Kanyaga kama umekasirika."

Sajini alitembea na buti zake. Alikwenda, akarudi, akaruka hata mara moja, na kabati likatikisika. Mguu wake haukutoa sauti ya kumwamsha paka.

"Sasa niambie," Inspekta akasema. "Mwanamke mwenye visigino alitembea wapi?"

Alipiga magoti, akainua shuka iliyoning'inia. Chini ya kitanda, upande wa mgonjwa, palikuwa na sinia pana la bati lililojaa changarawe safi, ubao mfupi uliofutwa vumbi, kikombe cha bati kilichobonyea, na viatu viwili vyekundu vya visigino, vya mtindo wa zamani, ngozi imepasuka lakini imepakwa rangi.

"Vya nani hivi?"

"Vya mama," binti akasema. "Vya kazi."

"Mama yako hajasimama kwa miguu yake muda gani?"

"Tangu mwaka jana. Lakini hakuvivaa miguuni." Binti akakaa ukingoni mwa kitanda. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akautua mkoba. "Alivivaa mikononi. Walikuwa watu wa redio, wote wawili. Michezo ya kuigiza. Baba alikuwa fundi wa sauti, ndiyo maana watu wanamwita Mzee Kelele. Mvua ikinyesha kwenye redio, ujue ni yeye anamwaga mchele kwenye sinia. Moto ukiwaka, anafikicha karatasi ya nailoni. Na mama ndiye alikuwa wanawake wote: mama mkwe, kimada, malaika. Alikufa kila msimu. Kule sokoni walimwita Marehemu. 'Marehemu, hujambo?' Na yeye, 'Sijambo, nimefufuka kununua nyanya.'"

Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Alivitazama viatu, akalitazama sinia, akautazama ukuta wa fundi cherehani.

"Huo mchezo," alisema polepole, "naujua. Mume anamuua mkewe kwa huruma. Nilikuwa mdogo, nilikatazwa kuusikiliza."

* * *

Inspekta alirudi sebuleni na sinia mikononi, akaliweka miguuni pa mzee.

"Mzee, nimekuja na changarawe yako."

Mzee aliitazama kama mtu anavyomtazama rafiki aliyemsema.

"Umenisimulia mchezo," Inspekta akasema. "Maziwa ni ya mchezo, asali ni ya mchezo, hata kilio ulicholia jirani akakisikia ni cha mchezo. Unga ule kwenye kinu ni nini?"

"Chaki," mzee akasema. "Kidonge kikisagwa hakisikiki kama kidonge kinachosagwa. Chaki ndiyo inayosikika. Katika kazi yetu kitu chenyewe huwa bubu, lazima kisemewe na kingine."

"Na mwanamke wa visigino?"

"Mpelelezi."

Inspekta akavitazama viatu vyake bapa. "Hakuna mpelelezi anayevaa visigino."

"Msikilizaji atajuaje mwanamke ameingia?" mzee akauliza, na kwa kitambo sauti yake ikapata nguvu, maana alikuwa kwenye kazi yake. "Ni yeye mwenyewe aliyetaka tuufanye tena. Alisema, leo nina pumzi, leta sinia. Akafanya mke, akafanya na mpelelezi, mikono ikitembea kifuani pake, sinia limekaa hapa. Kikombe nilikiangusha mimi. Tulicheka sana, maana nilisahau maneno yangu mahali pawili."

"Uliishaje mchezo huo?"

"Mpelelezi alimwachia. Barua zilikuja magunia. Nusu ya wasikilizaji walitaka anyongwe, nusu walitaka apewe mke mwingine."

Sajini akacheka, akajirudi.

"Mimi sitakuachia kwa mchezo," Inspekta akasema, "wala sitakufunga kwa mchezo. Niambie baada ya kucheka."

Mzee alimtazama binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni tena, kisha akamtazama Inspekta kwa macho ya kuomba. Inspekta hakumwambia binti atoke.

"Aliniuliza," mzee akasema. "Mchezo umekwisha, nimemfunika. Akasema, 'Na wewe, kweli, ungeweza?' Sikumjibu. Nikasema nalala. Vidonge vipya nesi alikuwa ameleta mchana huo, boksi zima, viko mezani karibu na glasi. Asubuhi nimeamka, mkono wake baridi. Na boksi halipo."

"Ukadhani amevimeza."

"Nilidhani nini kingine? Aliniuliza, nikamgeuzia mgongo." Aliyatazama magoti yake. "Wangemzika kwa kunong'ona. Mtoto angekaa maisha yake yote akijiuliza mama alimkimbia kwa nini. Mimi nimeshazeeka, nikisemwa kidogo si neno."

"Kidogo," Sajini akarudia chini ya pumzi.

"Mtu anayemeza vidonge vyote huacha maganda," Inspekta akasema. "Mke wako hakuweza kutoka kitandani. Maganda angeyapeleka wapi? Ulitafuta?"

"Nilitafuta kwenye mashuka. Nilitafuta chini ya mto."

"Basi tutafanya jaribio. Sajini, nenda kwa fundi cherehani, mkae ukutani. Ukisikia anachokisikia yeye, gonga. Mzee, njoo unifundishe kutembea."

Wakaenda chumbani watatu, sinia mikononi mwa Inspekta. Mzee alilivuta sinia hadi juu ya kitanda, mahali pale mkewe alipokuwa akiliweka, akaanza kusawazisha changarawe. "Usipige," alisema. "Mwanamke anayekuja na habari mbaya hapigi hatua, anaweka. Kisigino kwanza. Kisha kidole."

Inspekta aliuingiza mkono wa kulia kwenye kiatu kimoja chekundu. Ukaingia vizuri hadi mwisho. Akauingiza wa kushoto kwenye cha pili, ukakwama katikati.

"Mkono wako mnene," mzee akasema.

"Mikono yangu imelingana." Akautoa, akakiinamisha kiatu, akakung'uta. Hakuna kilichotoka. Akachokoa kwa vidole viwili, akavuta kitambaa cha kujifutia jasho, cheupe, kimefinyangwa kama kizibo. Nyuma yake, limesukumwa hadi kwenye ncha ya kiatu, likafuata boksi lililobonyezwa likawa bapa.

Aliliweka juu ya shuka, mbele ya macho yao wote, akatoa karatasi za vidonge moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimekunjika. Hakuna hata kidonge kimoja kilichotobolewa.

Mzee alinyoosha kidole, akaligusa boksi, akakirudisha kidole.

Inspekta alimpigia nesi wa mtaa pale pale, simu imewekwa sauti ya juu. Nesi alilitambua boksi kwa kutajiwa alama ya kalamu aliyoichora mwenyewe. Vidonge vya zamani viliisha juzi, alisema, na mgonjwa alisema hivi vipya ataanza leo asubuhi, jana alikuwa hajambo. Kisha Inspekta akampigia daktari, akamweleza. Daktari akasema basi kilichobaki ni moyo, na kwa moyo ule, kilichomshangaza ni kwamba ulifika hadi jana. Maabara itaandika yake, lakini yeye hana sababu ya kumzuia mtu.

Ukuta ukagongwa. Alikuwa Sajini.

"Bado hatujaanza," Inspekta akamwambia kupitia ukutani. "Rudi. Na umwambie fundi ahamishe kiti chake."

Mzee Kelele alikuwa amekaa kitandani upande wa mkewe. Alikishika kile kitambaa cha jasho, akakikunjua, akakilaza juu ya goti lake na kukinyoosha kwa kiganja.

"Nililala," alisema. "Aliyafanya haya nimelala. Alilisukuma polepole asiniamshe." Akamgeukia Inspekta. "Hakuvitaka, basi. Lakini kwa nini avifiche? Mimi nilikuwa nimegeuka. Sikuwa nimesema kitu. Alikuwa anamficha nani?"

Inspekta alikuwa na jibu, lakini halikuwa lake kulitoa. Akaanza kukunjua mikono ya sweta.

Binti ndiye aliyejibu. Alikuja akakaa karibu na baba yake, bega kwa bega.

"Wewe, baba," alisema. "Alijua akiamka usiku na maumivu atakuomba. Na alijua hujawahi kumnyima kitu."

Mzee alifungua mdomo apinge. Akatafuta mfano mmoja, ungeweza kuona anautafuta, akirudi nyuma mwaka hadi mwaka. Hakuupata. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Inspekta alipoinama kumtazama akaona anacheka, machozi yanateremka hadi kwenye kile kifungo cha shingoni.

"Simama," binti akasema. "Shati hili huendi nalo. Mama angetuaibisha njiani."

Akamfungua kifungo cha juu, kisha cha pili. Nje, honi ya gari la mazishi ilisikika, na Sajini alikuwa tayari langoni akiwaambia wangoje kidogo, mume wa marehemu anabadilisha nguo.